Jinsi ya Kufika Altareni Ukiwa Hujachoka

Kwanza, usikimbilie kuunda kamati. Kamati ya harusi ikishakaa kikao kimoja tu ina mwenyekiti, mweka hazina na bajeti ya keki, na tangu siku hiyo ninyi wachumba mnaomba ruhusa ya kuzungumza. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yako akuandikie barua, kisha mwende wote wawili kwa paroko, mpange tarehe pamoja naye. Nimewaona vijana waliolipia ukumbi wa Jumamosi iliyoangukia ndani ya Kwaresima, na parokia yao haifungishi ndoa Kwaresima. Kadi zilikuwa zimeshafika kwa wajomba mikoa mitatu.

Makaratasi yasikutishe, ila yaanze mapema. Cheti cha ubatizo alichokutunzia mama kwenye sanduku hakitoshi. Omba nakala mpya kutoka parokia ulikobatizwa. Sababu ni nzuri: ukifunga ndoa, habari hiyo huandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, kando ya jina lako. Nakala mpya ndiyo inayosema kama uko huru. Kama ulibatizwa kigango cha Sumbawanga na leo unaishi Mbagala, hesabu safari au hesabu siku za kusubiri. Serikali nayo ina haki yake: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Na jina lako likitangazwa kanisani, usiinamishe kichwa. Kama kuna mtu uliyemwahidi ndoa, au mtoto ambaye mchumba hajaambiwa habari zake, mwambie mchumba leo, kabla hajasikia kwa jirani wa benchi.

Sasa mafundisho ya ndoa. Hapa sitapunguza neno. Nendeni wote wawili, kila kipindi, na usimtume mdogo wako akusainie daftari la mahudhurio. Rafiki yangu aligundua mwezi wa tatu wa ndoa kwamba mumewe hakutaka mtoto kabisa, na hakuwahi kutaka. Kamati yao ilikuwa imekaa mara nne kujadili rangi ya sare. Hakuna kikao hata kimoja kilichouliza hilo, na haikuwa kazi ya kamati kuliuliza. Ilikuwa kazi yao wawili, mbele ya katekista, kwenye viti vya plastiki, Jumamosi ya jua kali.

Ulizaneni kuhusu watoto, mikopo, mshahara, mama mkwe, na wadogo zenu mtakaowasomesha. Ulizaneni mtasali wapi na vipi. Padre atakapomwita kila mmoja peke yake, mwambie kweli, hata kama kweli ni kwamba unaogopa. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili, na hakuna mwanadamu mwingine awezaye kuitoa kwa niaba yao. Mahari iliyolipwa yote haifungi ndoa. Mshenga hodari haifungi. Hata padre, kwa mapokeo ya Kanisa la Kilatini, hupokea ridhaa kwa jina la Kanisa. Ninyi wawili ndio mnaopeana sakramenti hii. Ukiona unaogopa kurudi nyuma kwa sababu tu michango imeshachangwa, rudi nyuma. Fedha hurudishwa.

Wasimamizi wachague kwa ndoa yao, siyo kwa urefu wao kwenye picha. Wawe watu mtakaowagongea mlango saa tano usiku, nao wafungue.

Michango ikipungua, punguzeni ndafu, punguzeni magari. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya 2016, alisikitika kwamba kadi, nguo na karamu huwamaliza wachumba nguvu na furaha, wakafika siku yenyewe wamechoka. Kwa hiyo siku mbili kabla ya ndoa simu ya kamati ibaki kwa shemeji. Nendeni mkaungame. Laleni mapema.

Na yale maneno ya ahadi yajifunzeni kwa moyo, msisubiri kuyarudia nyuma ya padre. Mshereheshaji atashika kipaza sauti usiku kucha; dakika hii ni yenu. Tazamaneni usoni, myaseme kwa sauti, bibi aliyeketi benchi la mwisho asikie.