Jicho la Tatu kwa Bei ya Sandton

Ndugu yangu mganga, anza kwa kubandua vikaratasi vyako kwenye nguzo za Hillbrow, Johannesburg. "Bingwa kutoka Tanga, hurudisha mume, husafisha nyota, malipo baada ya kazi." Baada ya kazi! Ndiyo maana bado unapanga chumba kimoja Yeoville. Sandton watu hulipa kabla, na kazi yenyewe hawaiulizii.

1. Badili cheo. Uganga basi, sasa wewe ni mshauri wa nishati. Vaa kitani cheupe. Nenda soko la Faraday, ununue impepho, majani yale yale ya kufukiza ya siku zote, uifunge kwa kamba ya katani, uandike "asilia". Bei usiiandike. Anayeuliza bei si mteja.

2. Chagua mboga. Usihangaike na maabara. Manto Tshabalala-Msimang alikuwa Waziri wa Afya mzima, na kwa ukimwi alipigia debe kitunguu saumu, limau na bitiruti. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa ukimwi wa Toronto, banda la Afrika Kusini likavipanga mezani mbele ya dunia. Dunia ilicheka. Wewe piga hesabu ya mtaji.

3. Tafuta adui. Hapa kaa kitako tusemezane, maana ndipo wengi wanapofeli. Bitiruti bila adui ni kachumbari.

Mkumbuke Babu wa Loliondo, kule Tanzania, na kikombe chake cha dawa. Mwaka 2011 foleni ya magari kwake ilihesabiwa kwa kilomita, wakubwa kwa wadogo, kikombe shilingi 500. Kasoro yake nini? Hakuwa na ugomvi na mtu. Wagonjwa walipozidi kufa hakuwa na wa kumsingizia, foleni ikayeyuka.

Sasa mtazame Matthias Rath, Mjerumani wa vitamini. Huyu aliingia Afrika Kusini na adui wake kabisa: kampuni za dawa, ambazo kwa maelezo yake zilikuwa zinawalisha watu sumu kwa jina la ARV. Vitamini zake zikafika Khayelitsha. Mahakama Kuu ya Cape ilimzuia mwaka 2008, sawa, lakini tazama ufundi: kila aliyempinga alionekana kahongwa. Mtu akikukosoa, muulize kwa upole, "Nani anakulipa, ndugu?" Kisha nyamaza, unywe chai yako ya tangawizi.

Na adui usimzue hewani, huo ni uvivu. Mwazime kwenye ukweli. Kampuni 39 za dawa kweli ziliishtaki serikali ya Mandela mwaka 1998 kwa sababu ya sheria ya dawa nafuu, zikaja kuondoa kesi mwaka 2001. Makaburu kweli walikuwa na daktari wao, Wouter Basson, na mradi wa siri wa sumu; Tume ya Ukweli ilisikiliza ushahidi wake. Simulia hayo kwanza, taratibu, kwa huzuni. Msikilizaji akishaitikia kwa kichwa mara mbili, ingiza chanjo na minara ya 5G. Ya tatu ataitikia kwa mazoea.

4. Leta mababu. Credo Mutwa, sangoma aliyejenga kijiji chake Soweto, alimsimulia David Icke, kipa wa zamani wa Kiingereza, habari za viumbe wa jamii ya mijusi wanaotawala dunia. Kila mmoja alimpa mwenzake heshima ambayo peke yake asingeipata. Wewe una bahati, mababu unao tayari. Mama wa yoga wa Parkhurst akisikia habari za mjusi kwa Kiswahili cha Tanga, hatakuomba ushahidi.

5. Subiri mkubwa ateleze. Desemba 2020, kwenye Hospitali ya Tembisa, Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng aliomba kwamba kama ipo chanjo ya shetani, yenye 666, iteketezwe kwa moto. Jaji Mkuu, ndugu yangu, na bure! Video ya namna hiyo itume WhatsApp bila kuongeza neno. Andika tu: "Mwenye masikio."

6. Wakianza kufa, usitaharuki. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa sababu serikali ya Rais Mbeki wa Afrika Kusini ilichelewesha ARV kati ya 2000 na 2005. Kati yao hakuna aliyerudi kulalamika. Wako mmoja akifariki, waambie wafiwa kwamba nishati yake ilikuwa nzito, au alikuwa akimeza vidonge vya hospitali kwa siri. Peleka rambirambi, na kadi yako ya biashara chini ya bahasha.

Bima yako mwenyewe ya matibabu ilipie kila tarehe 1. Siku ukibanwa na kifua, chagua hospitali ya upande wa pili wa mji, na uvae barakoa. Siku hiyo inaruhusiwa.