Makande ya Mtia Nia: Mwongozo wa Kufunga Hadharani

Ndugu mtia nia, wenzako Waislamu wamejaliwa Ramadhani, mwezi ambao kiongozi akialika mtaa mzima kwenye futari hakuna anayemuuliza anatafuta nini. Wewe Mkatoliki umepewa Kwaresima: siku 40 za kufunga, kusali na kutoa sadaka, na yote matatu yanatakiwa yafanyike kimyakimya. Kura haziombwi kimyakimya. Kwa kuwa nakuonea huruma, fuata maelekezo haya.

Anza na Jumatano ya Majivu. Nenda Misa ya alfajiri, maana majivu ya Misa ya jioni yataonwa na watu wa nyumbani kwako na mlinzi wa getini tu. Injili ya siku hiyo, kwa bahati mbaya, inasomwa ileile hata mwaka wa uchaguzi. Ni ya Mathayo sura ya 6, pale Yesu anapowasema wanaokunja nyuso ili watu wajue wamefunga, kisha anamwagiza mfungaji anawe uso. Padre akifika hapo, inama utafute leso mfukoni. Dakika chache baadaye padre atakupaka majivu kwenye paji la uso. Hayo usiyanawe mpaka kikao cha mwisho cha siku kiishe.

Kufunga kwenyewe kusikutishe, Kanisa lina huruma. Siku za lazima ni mbili tu, hiyo Jumatano na Ijumaa Kuu, na hata hizo umeruhusiwa mlo mmoja kamili na chochote kidogo asubuhi na jioni. Sheria inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka aanzapo mwaka wake wa 60, kwa hiyo waheshimiwa wengi wamekwisha kusamehewa, na kifungu hicho wanakikumbuka kuliko tarehe yao ya kustaafu. Kuacha nyama siku ya Ijumaa huanza miaka 14 na hakuna mwisho. Ila samaki hakukatazwa. Ndiyo maana Ijumaa ya Kwaresima utamkuta mheshimiwa hotelini Mwanza na sato aliyezidi sahani kichwa na mkia, ndizi za kukaanga pembeni, kachumbari na ndimu. Amri haijavunjwa, kilichovunjika ni mgongo wa sato. Kijana anayelinda gari lake nje ameshinda na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, na wala hajui kama amefunga.

Sato huyo lakini hafai kwa picha. Kwa picha, pika makande, tena jikoni kwa mpiga kura. Ni chakula cha Upareni, cha bweni la shule na cha nyumba yoyote iliyofika tarehe 25 ya mwezi. Ukionekana nayo, umekuwa mtu wa watu.

Chukua vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kimoja cha maharage. Pembua, maana kijiwe kimoja kwenye jino la mpiga kura kitakugharimu kata nzima. Loweka kila kimoja na chombo chake usiku kucha. Asubuhi anza na mahindi kwenye sufuria nzito juu ya mkaa. Maharage yafuate mahindi yanapoanza kulainika. Utashauriwa utie magadi ili yaive upesi. Usitie. Makande yenye magadi mengi yana ladha ya sabuni, na waliosoma bweni hawajasahau. Chumvi ngoja mpaka punje ibonyeke kwa vidole viwili. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti pembeni, mimina, tia tui la pili liive nayo, kisha tui zito mwishoni kwa moto mdogo, ukikoroga pole pole bila kufunika ili lisikatike.

Mpiga picha atataka ukoroge. Hapo kuwa mwangalifu sana. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, waliokaa kwenye mkeka hawaangalii uso wako wala kitenge chako kipya, wanaangalia mkono. Ukiushika mwiko kama kipaza sauti, habari itafika kigango cha pili kabla makande hayajaiva.

Na hapa lazima nikiri udhaifu mkubwa wa makande kama chakula cha kisiasa: muda. Ukiacha kuloweka, ni saa tatu hivi jikoni, na hakuna msaidizi wa kuyaharakisha. Wali ungeiva ukiwa bado unatambulishwa. Makande yatakukalisha kwenye stuli fupi, moshi machoni, huku mama mwenye nyumba akichochea mkaa na kukueleza habari ya bomba lililokauka tangu Novemba, ya zahanati isiyo na dawa, ya mjukuu aliyerudishwa kutoka shule. Hatazungumza kwa ukali. Ataeleza, atapuliza moto, ataendelea. Huwezi kumwambia aandike barua ofisini, kwa sababu uko jikoni kwake. Wenye busara hufika dakika kumi kabla ya kupakua.

Chakula hicho kitakuwa cha jumuiya, kwa hiyo tujiandae. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana nyumba kwa nyumba, aghalabu Jumamosi asubuhi na mapema, na kila moja ina somo wake mtakatifu. Ulizia jina la yako mapema, usiulizie ukiwa umesimama mlangoni. Mwenyeji akikwambia, “Tumsifu Yesu Kristo, Mheshimiwa,” jibu, “Milele amina, mama.” Wapo waliowahi kuteleza wakajibu, “Kazi iendelee!” Kisha katibu atafungua daftari la mahudhurio. Usilisogelee. Jina lako limo, tena kwa mwandiko mzuri, na mbele yake kuna misalaba midogo ya kutokuwepo inayokwenda mpaka pembeni mwa ukurasa. Kadi ya zaka tusiiongelee kabisa.

Ukiona hayo yote ni mazito, utasema bora bahasha. Ni njia ya zamani na yenye heshima zake: unakaa benchi la mbele, baada ya komunyo unakaribishwa uwasalimie waamini, unaahidi mabati. Kama kuna mnada wa mazao nje ya kanisa, nunua yai moja kwa bei ya jogoo na ulirudishe linadiwe tena. Ila soko hili nalo limeanza kuharibika. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango katika parokia ya Soweto, Nairobi, zikiwamo shilingi milioni 2 za Kenya za nyumba ya mapadre na fedha za kwaya. Jimbo Kuu la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo likaagiza fedha zirudishwe. Zirudishwe! Hebu fikiria msaidizi wako anavyopokea bahasha ile mlangoni, bado imefungwa.

Maaskofu ni watu wa kuwaangalia hata huku kwetu. Barua ya kichungaji ikitangazwa, usikae mbele. Ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018 wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania haukuishia kwenye toba, uligusa na hali ya siasa, na tamko lao la Agosti 2023 la kupinga mkataba wa bandari na DP World lilisomwa makanisani waheshimiwa wakiwa wamekaa kimya na karatasi za Misa mikononi.

Ushauri wa mwisho: mtaje Mwalimu Nyerere kila hotuba. Ni Mtumishi wa Mungu, mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma, na jina lake halina gharama. Lakini usiingie ndani sana. Waliomfahamu wanasimulia kwamba alikuwa mtu wa Misa za asubuhi siku za kazi, zile ambazo wageni hawatambulishwi, kwaya haipo, na anayekuona ni bibi mwenye rozari ambaye huenda hata kadi ya mpiga kura hana. Kwa mtia nia huo ni upotevu wa petroli.

Wakenya wana haraka kuliko sisi, maana uchaguzi wao ni Agosti 2027 na Majivu ya mwaka huo ni tarehe 10 Februari. Wetu ni 2030, na Jumatano ya Majivu itaangukia tarehe 6 Machi. Mahindi loweka tarehe 5 jioni.