Namna ya Kupigana Waterloo Bila Kunyoa Ndevu

Hongera kwa kujiunga na wale watu wa Ulaya na Marekani ambao wikiendi huvaa sare za kale, hubeba magobore na kwenda kupigana upya vita ambavyo mshindi wake alishajulikana zamani. Ni mchezo mtamu: baruti ni ya kweli, risasi hakuna, na maiti hufufuka chakula cha mchana kikiiva. Koti lako la sufi limeshonwa kwa mkono. Viatu vyako, kwa mujibu wa enzi hizo, havina kushoto wala kulia. Tatizo linaanzia juu ya ukosi, kwenye hizo ndevu.

Usidhani wenzako hawajali uhalisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1998, Confederates in the Attic, Tony Horwitz anasimulia habari za waigizaji wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani walioloweka vifungo vya shaba kwenye mkojo ili vichakae inavyotakiwa, na waliolala nje kwenye baridi wamekumbatiana kutafuta joto. Mkojo, sawa. Baridi, sawa. Sasa mwambie mtu huyohuyo apige wembe, ndipo utakapoambiwa kwamba mkewe hajawahi kukiona kidevu chake na huu si wakati wa kumshtua.

Kwa hiyo mwongozo huu haufundishi kunyoa. Unafundisha kuchagua vita vinavyolingana na ndevu zako.

Kimbia kabisa Vita vya Uhuru wa Marekani, 1775 hadi 1783. Igeuze noti ya dola 2 uitazame ile picha ya John Trumbull: umati wa mabwana wazima, na hakuna hata mmoja aliyefuga. Usijitetee kwamba kikosi chako kilikuwa porini na wembe ukapotea. Jeshi la George Washington lilitaka askari wake wanyolewe, na sajenti atakuuliza huo msitu uliomeza wembe ulikuachiaje saa ya mkononi.

Nenda Waterloo, Juni 18, 1815, lakini angalia unasimama upande gani. Askari wa miguu wa Kiingereza alinyoa kidevu. Neema iko kwa Napoléon: masapa wake, wale wa kutangulia na kuvunja malango, walifuga ndevu kwa desturi ya kazi, wakavaa aproni ya ngozi na kofia ndefu ya manyoya ya dubu, shoka begani. Desturi hiyo haijafa. Masapa wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa bado huandamana Paris kila Julai 14 na ndevu zao kifuani. Kasoro ni moja tu: masapa walikuwa wachache katika kila batalioni. Kila mwenye ndevu akiomba nafasi hiyo, mtakuwa jeshi la kupasua kuni.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865, ndiyo pepo yako. Jenerali Ambrose Burnside aliziachia sharafa zikakutana na masharubu, kidevu akakiacha kitupu. Leo kinyozi wako akikutoa hivyo utadhani umeme ulikatika katikati ya kazi. Hata hivyo, ukipewa nafasi ya Abraham Lincoln, uliza kwanza ni Lincoln wa lini. Alikuwa ananyoa mpaka Oktoba 1860, msichana wa miaka 11, Grace Bedell, alipomwandikia barua kumshauri afuge. Akafuga, ila mdomo wa juu akauacha mweupe. Wengi huisahau nusu hiyo ya pili kwa makusudi.

Na tafadhali, ule mstari wa shavuni uliochongwa kwa mashine hadi fundi mwashi anauonea wivu, uache uote. Uwanja wa vita wa Gettysburg, 1863, haukuwa na soketi.

Mwenye masharubu pekee atafute Vita vya Kwanza vya Dunia, katika jeshi la Waingereza, kabla ya Oktoba 1916. Hadi hapo kanuni zilikataza kunyoa mdomo wa juu. Aliyetia saini amri ya kulifuta katazo hilo, Jenerali Nevil Macready, hakuyapenda masharubu yake mwenyewe, akayanyoa. Ndevu kamili usizipeleke huko: gesi ya sumu ilishaanza kutumika Ypres mwaka 1915, na barakoa haikai vizuri juu ya kichaka.

Ndevu za bandia? Itazame filamu ya Gettysburg ya mwaka 1993, hasa zile za mwigizaji Tom Berenger, kisha tuzungumze.

Wembe umeukataa, vita umevikosa, na sajenti anakuja na orodha mkononi? Kufa. Kufa mapema, kwenye mizinga ya kwanza, karibu na mti wenye kivuli, uso chini. Maiti hakaguliwi kidevu. Chagua tu mahali pasipo na siafu, maana maiti anayejikuna ni kosa kubwa kuliko ndevu.