Heko kwa Seli Inayoogopa Jua

Silikoni ya fuwele imesifiwa vya kutosha. Hukaa juu ya paa robo karne, hailalamiki, haina vituko, na kwa hiyo haina kisa cha kusimulia. Wakati umefika sifa ziende kwa perovskaiti yenye mchanganyiko wa iodini na bromini: maada iliyotengenezwa ili kuvuna jua, ambayo ikipigwa na jua huvurugika kabla dakika haijaisha. Ni mvuvi anayeugua kila aionapo bahari.

Nasaba yake si haba. Perovskaiti ya asili ilitambuliwa na Gustav Rose mwaka 1839 katika mawe ya milima ya Ural, Urusi, ikapewa jina la Lev Perovski, mkubwa mmoja wa serikali ya huko. Perovskaiti za sola zina mpangilio uleule wa fuwele, ila ndani yake mna risasi pamoja na iodini au bromini. Mwaka 2009 kikundi cha Tsutomu Miyasaka nchini Japani kilipozitia kwenye seli ya jua kilipata ufanisi wa asilimia 3.8, na kimiminika kilichokuwa ndani ya seli kikaziyeyusha muda si muda. Leo, katika maabara, seli za perovskaiti zimevuka asilimia 26.

Kituko kinachostahili heko kilielezwa kinagaubaga mwaka 2015 na Eric Hoke, Michael McGehee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Iodini na bromini zikichanganywa kwa vipimo mbalimbali, mtengenezaji huweza kuchagua sehemu ya mwanga ambayo seli itaitumia. Ndiyo sababu mchanganyiko huo hupendwa kutandazwa juu ya silikoni, kila tabaka lichukue fungu lake. Watafiti hao waliumulika utando wa mchanganyiko kwa mwanga usiozidi wa jua la mchana. Utando ulitarajiwa kung'aa kwa rangi inayolingana na vipimo vyake. Badala yake ukachomoza mng'ao mpya, ulioegemea upande wa wekundu, kwenye elektronivolti 1.68, ukazidi kupata nguvu. Eksirei nazo zikaonyesha vilele vya mchoro wake vimegawanyika: iodini imejitenga kwake, bromini kwake. Taa ikazimwa. Baada ya dakika chache gizani, vilele vikarudi vilivyokuwa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hasara yake iko wazi. Chaji huteremkia kwenye vijisehemu vyenye iodini nyingi, zikanaswa humo, na volteji aliyoihesabu mhandisi ikashuka.

Lakini tazama adabu ya kasoro hii! Haina upendeleo: bromini iwe nyingi au ya wastani, mng'ao mpya huibukia palepale. Haina kinyongo: giza likiingia, husamehe yote. Tena ni mwajiri mkubwa. Wapo wanaosema chaji hukunja fuwele iliyo jirani nayo. Wapo wanaosema chaji hupata nafuu ya nishati zikihamia penye iodini. Wapo wanaosema iodini hunyang'anywa elektroni, ikaanza kutangatanga. Kila upande una michoro yake na wanafunzi wake wa uzamivu. Maada tulivu haiwezi kulisha watu wengi hivyo.

Ina ucheshi pia. Mwaka 2021 watafiti wa Australia, wakiwemo Wenxin Mao na Udo Bach wa Chuo Kikuu cha Monash, walitangaza kwamba mwanga ukizidishwa nguvu sana, vilivyotengana hurudi kuchanganyika. Yaani dawa ya maradhi yanayoletwa na mwanga ni mwanga zaidi.

Hata ndugu yake wa iodini tupu, yule wa methilamoniamu, huaga dunia kwa uwazi. Akimulikwa penye oksijeni, utando wake mweusi hugeuka njano, rangi ya iodidi ya risasi. Asiyejua kusoma kipimo chochote huona.

Uwazi huo usidharauliwe, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 1977 David Staebler na Christopher Wronski, wa maabara za kampuni ya RCA nchini Marekani, walieleza kwamba silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele hudhoofishwa na mwanga, na haiponi mpaka ipashwe joto la nyuzi zaidi ya 150. Hakuna usiku wa kuitibu. Katika miaka ya 1990 vipaneli vya silikoni hiyo, vya wati 12 hivi, viliuzwa kwa wingi nchini Kenya, vikaunganishwa na betri ya gari ili kuwasha taa, redio na televisheni ya nyeusi na nyeupe. Nguvu zake hushuka miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Vipaneli vingi vilifanya kazi vizuri, lakini vipimo vilivyofanyika Kenya vilionyesha kwamba vingine havikufikia wati zilizoandikwa. Upungufu ulimkuta mteja nyumbani kwake, fedha zikiwa zimeshakwenda. Perovskaiti humwaibisha profesa kwanza, maabarani, mbele ya wenzake.

Na aibu imezaa matunda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliingiza siziamu katika fuwele, utengano ukapungua. Mwaka 2020 Jixian Xu, McGehee na wenzao walichanganya klorini, na utando ukatulia hata chini ya mwanga wenye nguvu za jua mara 100. Mwaka huohuo wanasayansi wa nchi nyingi walikubaliana taratibu za kupima uimara wa seli hizi, zikiwemo zamu za mwanga na giza, maana seli inayopona usiku haiwezi kuhukumiwa kwa taa isiyozimwa. Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ilitangaza kupeleka Marekani paneli zake za kwanza za kibiashara, perovskaiti juu ya silikoni, zenye ufanisi wa asilimia 24.5.

Zitakapofika madukani Kisumu au Mwanza, muuzaji atazisifia wati. Mnunuzi aulize zilipimwa baada ya zamu ngapi za mwanga na giza, na ni nani atakayezibadilisha zikishuka.