Sisemi Kitu, Wewe Angalia Tu

Mtu akialikwa kutazama *Sholay* nyumbani kwa mshabiki wa *Sholay*, ajue kwamba hakualikwa kutazama. Amealikwa atazamwe. Mwenyeji huketi upande, jicho moja kwenye runinga na jingine kwenye uso wa mgeni, akisubiri kicheko pale anapocheka yeye na machozi pale anapolia yeye. Mgeni akichelewa hata kidogo, filamu inarudishwa nyuma.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Ramesh Sippy mwaka 1975, ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Ikirudishwa nyuma namna hiyo, na kusimamishwa kila mara ili mwenyeji aeleze kwamba yale majabali yako Ramanagara, si mbali na Bangalore, pilau inapoa, watoto wanalala kwenye kapeti na mgeni anaanza kuulizia daladala ya mwisho. Hapo ndipo inapotolewa hoja nzito: jijini Mumbai, ukumbi wa Minerva uliionesha filamu hii kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. "Wenzenu miaka mitano, nyie saa moja tu mshachoka!"

Balaa kubwa ni ile sarafu. Kila Jai, yaani Amitabh Bachchan, anapoirusha ili kuamua jambo na mwenzake Veeru, mshabiki hushindwa kujizuia. "Iangalie hiyo sarafu. Sisemi kitu. Wewe iangalie tu." Inaporushwa tena, anarudia. Binamu mtu, ambaye muda wote alikuwa akichezea simu, anauliza bila hata kuinua kichwa: "Kwani ina vichwa pande zote mbili?"

Kimya. Siri ambayo waandishi Salim Khan na Javed Akhtar waliitunza hadi karibu na mwisho imeanguka kabla ya chai. Shemeji bado anabisha kwamba Jai hawezi kupatwa na lolote, maana steringi hafi. Mwenyeji, aliyeapa kutosema kitu, anakohoa kikohozi kirefu mno. "Usiniambie!" anafoka shemeji.

Na baada ya yote hayo, wageni wanaondoka wakimsifu nani? Gabbar Singh, jambazi. Mwenyeji huona Jai amevunjiwa heshima, ingawa India yenyewe ilifanya vivyo hivyo: Amjad Khan alivuma sana kwa uhusika huo hata Gabbar akatumika kutangaza biskuti.

Wapenzi wa vitabu nao wana mikasa yao. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, ni riwaya ya upelelezi, na raha yake yote ni kutojua. Mshabiki hukiazimisha kikiwa kimepigwa mistari ya penseli kila mahali Bwana Msa anapoona ambacho wengine hawakukiona, na pembeni kumeandikwa "Kumbuka hapa!" Msomaji akifika katikati tayari amemtangulia Bwana Msa, kisha anakirudisha akilalamika kwamba mpelelezi huyo ni mzito kidogo.

Kijana akipewa *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, huuliza kwa nini mpelelezi Willy Gamba asiwatumie wakubwa wake ujumbe tu. Anaelezwa kwamba wakati huo hapakuwa na simu za mkononi. Anauliza basi watu walikuwa wakiishije. Mazungumzo yanahamia kwenye simu za mezani na foleni za posta, na Willy Gamba anaachwa peke yake hatarini.

Kwa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, hakuna haja ya kumbembeleza mtu. Kilitoka 1971, kikazuiwa shuleni kwa muda, na marufuku hiyo ilikitangaza kuliko duka lolote la vitabu. Kikiazimwa, kurudi ni majaliwa. Mwenye nacho anampigia simu rafiki yake kukidai.

"Aisee, kitabu kitamu! Nimempa shemeji yako, naye kamwazima mwalimu mmoja wa Dodoma."

Mwenye kitabu anawaka. Anasema urafiki umekwisha, na anataka namba ya huyo mwalimu sasa hivi. Anapewa, anapiga. Mwalimu anaanza kuomba radhi, anaahidi kukituma kwa basi la kesho asubuhi.

"Hapana, mwalimu, soma taratibu," anamkatiza. "Nilikuwa nauliza tu, umefika sura ya ngapi?"