Goti Lisilo na Udhuru

Septemba 2025, Alphonce Simbu alipomaliza mbio za Tokyo akiwa mbele ya Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha, ofisi yetu iliingia wazimu. Watu ambao kila siku wanasubiri lifti kwenda ghorofa ya kwanza wakafungua kundi la WhatsApp la mbio. Dada wa uhasibu akaanza kukusanya pesa za Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari. Alinikuta nina andazi mdomoni.

"Kaka, nikuandikie ya ngapi?"

Nikamwambia aandike yoyote. Maana yangu ilikuwa kwamba na mimi nimo, zile kilomita tano za kupiga picha na kugawiwa tisheti. Sikujua kuwa ndani ya neno "yoyote" zimejificha kilomita 42. Orodha ilipobandikwa nilitaka kulalamika, lakini bosi alikuwa ameshanipongeza mbele za watu, na mimi nina miaka 46 na barua ya kupandishwa cheo sijaiona bado. Nikatabasamu. Tabasamu lile ndilo la mwisho lisilo na maumivu ninalolikumbuka.

Raba nilikwenda kuzitafuta kwenye mitumba ya Karume. Muuzaji aliniapia kwamba ni daraja la kwanza, hazijawahi kukanyaga hata vumbi. Kwa macho zilikuwa nzuri kweli. Wiki ya pili ya mazoezi ugoko wa kulia ukaanza kuwaka, kama mtu anaukwangua kwa kisu butu. Wiki ya tatu ukafuata wa kushoto. Nikampelekea raba fundi wetu anayekaa chini ya mwarobaini, nikidhani labda kuna gundi imeachia. Aliiweka moja juu ya boksi lake la kazi, akaiachia. Ikalala upande kama ngalawa maji yakishapwa.

"Unaona, anko? Mwenye kiatu alikuwa anakanyagia nje. Wewe nikikutazama unakuja, unakanyagia ndani."

Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa navutana na mtu nisiyemjua, yuko zake Ulaya huko na viatu vipya. Nilidhani nimenunua raba, nikawa nimenunua mwendo wa mtu.

Nilinunua mpya dukani kwa bei ambayo mke wangu hadi leo hajaijua yote. Ugoko ukapoa. Lakini maumivu ya mkimbiaji ni kama wapangaji wa nyumba zetu za uswahilini: mmoja hajamaliza kutoa godoro, mwingine ameshafika na jiko lake. Ulipotoka ugoko kikaingia kisigino, kile cha asubuhi, unashuka kitandani na hatua ya kwanza ni msumari. Kilipohama kisigino, goti la kushoto likachukua nyumba nzima.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo letu kama taifa. Nchi nyingine mtu akiumia goti anapumzika, na watu wanamwelewa. Sisi tuna John Stephen Akhwari. Marathon ya Olimpiki, Mexico City, 1968: mtoto wa Mbulu anaanguka, goti linateguka, anafungwa bandeji, anaingia uwanjani giza limeshatanda na medali zimeshagawiwa, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Wale 18 walioacha njiani hapa kwetu hakuna anayewataja, na naamini baadhi yao walikuwa na sababu za msingi kabisa, lakini nani atawasikiliza? Akhwari alishafunga mjadala. Binadamu wengine wote wanaweza kusingizia goti. Mtanzania hawezi.

Nikichechemea kijiwe cha bodaboda, sauti inatoka: "Mzee, Akhwari alimaliza!" Nikimwambia bosi labda nihamie zile za kilomita 21, anasikitika kwa kichwa: "Na Akhwari je?" Hata muuza mihogo pale kona, ambaye kwa umri wake 1968 bibi yake alikuwa msichana, ananihubiria Akhwari huku ananipunja chachandu. Halafu siku moja usiku, kwa uchungu, nikatafuta muda aliotumia. Akhwari, na goti lililoteguka, alikimbia kwa saa 3 na dakika 25. Mimi, goti langu likiwa mahali pake na nimekunywa chai, hesabu zangu zilikuwa zinagota saa sita. Simu nikaizima.

Matibabu nayo yalitaka kuvunja nyumba. Intaneti ilisema barafu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia Oktoba akaamua kubaki hadi aone mwisho wa wazimu huu, alisema maji ya moto, chumvi na majani ya mnyonyo yaliyopashwa kwenye jiko. Heshima hairuhusu mama mkwe kuangalia paja la mkwewe, kwa hiyo alikuwa anatibu akiwa ukumbini, nyuma ya pazia, na binti yake ndiye mikono.

"Mwambie baba watoto akunje mguu."

"Mama anasema ukunje mguu."

"Nimesikia."

"Amesema amesikia, mama."

"Mbona sisikii akilia? Hayo maji hayajachemka."

Mimi, msomi, nilishikilia barafu. Friji yetu haigandishi siku hizi, basi nikanunua kwa jirani barafu sita za ubuyu, nikazifunga gotini kwa khanga ya mke wangu, nikalala. Usiku kifuko kikapasuka. Niliposhtuka alfajiri, nikamulika simu, goti lilikuwa jekundu tepetepe hadi kwenye shuka. Nilipiga ukelele ambao mke wangu anasema ulikuwa na jina la mama yangu ndani yake. Taa ilipowashwa tukaona ni ubuyu, na sisimizi wameshapanga foleni kuanzia dirishani, kupitia mtoni, ubavuni, mpaka gotini. Walikuwa na nidhamu kuliko abiria wa mwendokasi. Sikuona hata mmoja akitangulia mwenzake.

Na lililoniuma zaidi ya goti ni hili. Kanuni ile ya pumziko, barafu, kubana na kuinua mguu ilienezwa na daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, katika kitabu cha mwaka 1978. Dunia nzima ikajifunga barafu. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Mirkin huyohuyo akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ni mafundi wa mwili walioitwa kazini, na baridi inabana mishipa ya damu, yaani inawafungia barabara. Nilimsomea mke wangu kwa sauti ya chini kabisa. Kutoka ukumbini ikaja sauti: "Huyo daktari naye atakuwa amepata mama mkwe."

Kifua sikisemi sana. Itoshe kwamba tisheti nyeupe ikilowa jasho inakuwa msasa, na kwamba baada ya kilomita 24 nilipita sokoni asubuhi na michirizi miwili ya damu inayoshuka sambamba, mama mmoja akaacha ndoo ya dagaa akanifuata anauliza nani amenichoma. Siku hizi napaka mafuta ya mgando, mengi, mpaka nateleza ndani ya nguo.

Lakini ukucha lazima niusemee. Ulikuwa wa dole gumba la kulia. Ulianza kuiva rangi ya zambarau, ukawa mweusi, na binti yangu wa darasa la pili akaniuliza kwa nini nimepaka rangi kidole kimoja tu. Mwezi wa Januari, jioni, navua soksi, ukucha haupo. Wala hauumi. Nikafanya kosa la kulitangaza jambo hilo mezani kama mzaha.

Mama mkwe akaweka tonge chini. "Uko wapi?"

Nikasema sijui, labda njiani.

"Njiani wapi? Ukucha wa mtu mzima hauachwi ovyo, baba. Watu ni wabaya." Akamgeukia binti yake. "Mumeo anataka cheo kazini, halafu anamwaga kucha barabarani."

Usiku ule nyumba ilipinduliwa. Kochi likasogezwa, godoro likasimamishwa ukutani, mfuko wa takataka ukamwagwa uani na kuchambuliwa kwa kijiti, mama mkwe akimulika tochi kwa ukimya wa mtu anayetafuta dhahabu. Tulipata pete ya mke wangu iliyopotea mwaka juzi, ambayo kumbe mimi nililaumiwa bure. Ukucha hatukuuona. Ulipatikana baada ya siku nne, ndani ya mkebe wa penseli wa binti yangu, umefungwa kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa amekwenda nao shule, kwenye somo la sehemu za mwili. Mwalimu alimpa vema mbili.

Jumapili ya kilomita 30 ilikuwa mwishoni mwa Januari, joto la Dar likiwa limekaa kitako. Niliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikarudi jua limeshakomaa. Kwenda chooni siku ile naomba nisieleze kirefu. Chetu ni cha kuchuchumaa, na nitasema tu kwamba kushuka nilishuka. Adhuhuri nikajikongoja msikitini. Kusimama sawa. Rukuu sawa, ingawa paja lilinong'ona. Sijida ya kwanza nikaenda kama mzigo ulioachiwa, na pale pa kuinuka kwa rakaa ya pili, mwili ukagoma. Imamu amesimama, safu zote zimesimama, mimi niko chini kwa mikono na magoti kama ninatafuta sarafu. Nilisimama kwa kumshika jirani kanzu. Baada ya salamu alinitazama kwa huruma, hakuniuliza kitu. Alikwenda kwenye kona wanaposali wazee, akaja na kiti cha plastiki, akakiweka nyuma yangu taratibu. Kiti kile sasa ni changu. Ijumaa nikichelewa wananiwekea, na vijana ninaowapita umri kidogo tu wameanza kunipa shikamoo.

Moshi tulifika siku moja kabla, mke wangu akiwa na mfuko wa mnyonyo aliopewa na mama yake. Asubuhi ya mbio mlima ulikuwa umejifunua wote, na wageni wanapiga picha. Mimi nilikuwa naangalia goti. Nusu ya kwanza, barabara tambarare, nilikwenda vizuri kiasi cha kujiona Simbu. Kisha njia ikakunja kupanda kuelekea Mweka. Kupanda kule siyo mwinuko wa kutisha, hauishi tu. Migomba, nyumba, watoto wananyoosha mikono uwagonge, migomba tena. Nilipanda kwa kutembea, kama watu wengi wenye akili.

Balaa ni kushuka. Goti la aina yangu linavumilia mlima, haliwezi mteremko. Kila hatua ilikuwa kama mtu anafungua kizibo cha soda chini ya kofia ya goti. Mkazi mmoja akaniokotea fimbo. Nikajaribu kushuka ubavu, wapi. Nikageuka, nikajaribu kinyumenyume, na maumivu yakatoweka. Basi nikashuka hivyo, uso kwa mlima, fimbo mkononi, nikitazamana na wale niliowaacha nyuma wakinijia mmojammoja, kila mmoja na salamu yake. Sijawahi kupitwa kwa heshima kiasi kile.

Sasa Mweka ndiko wanakotokea watalii wanaoshuka Kilimanjaro, na wengi hushuka hivyohivyo, na fimbo, wanachechemea, wamepauka midomo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya duka lake alinitazama kwa muda, akavua kofia.

"Hongera, baba. Umefika kileleni?"

Nikamwambia nimefika.

Zile hatua za mwisho za kuingia viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika nilizitumia kuwafikiria Waingereza. Athens, 1896, mbio hizi zilikuwa kama kilomita 40. London, 1908, wakaanzia kwenye kasri la Windsor wakamalizia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, zikatoka kilomita 42 na mita 195, na mwaka 1921 kipimo hicho kikafanywa sheria ya dunia. Kwa mwendo wangu, heshima kwa jukwaa la mfalme ilinigharimu dakika 25 na ukucha wa pili. Saa yangu siitaji. Akhwari angekuwa ameshaoga.

Kesho yake tukapanda basi la kurudi Dar. Korogwe konda akagonga bodi: "Chimba dawa, kula, dakika ishirini!" Mimi dakika nane ziliishia kwenye kutoka kitini, na tano kwenye ngazi mbili za mlangoni, nimeshikwa huku na konda na huku na kijana wa kiti cha nyuma, miguu imenyooka kama mikongojo. Abiria wakasimama kutupisha. Bibi mmoja akamshika mke wangu mkono.

"Pole, mwanangu. Ajali?"

"Hapana, bibi," mke wangu akajibu, "hii alilipia mwenyewe."