A Si Ndiyo ya Kwanza?

Usipite, jirani. Simama kidogo unisikilize. Na usiniambie nanuka mpira ulioungua, hiyo najua. Bibi yangu ameshanihamishia sebuleni juu ya hiyo harufu.

Shemeji yangu kaenda Kolwezi kutafuta makuta. Miye kaniachia masini yake ya kusaga bunga, hapahapa Kenya yetu ya Lubumbashi, si mbali na uwanja wa Kibassa Maliba. Mafunzo yalikuwa ya dakika chache. Unawasha motere ya mazutu, mkanda umelegea, motere inazunguka peke yake. Halafu unavuta mkono wa chuma, kapuli kadogo kanakandamiza mkanda, mkanda unashika, kinu kinazunguka. Hiyo ndiyo ambreyaji. Masomo yangu yakaishia hapo. Mkanda ulipokatika nikaenda sokoni, nikanunua mwingine, nikavalisha. Kazi imeisha, sivyo?

Navuta mkono. Kinu kinazunguka vizuri. Mama wa kwanza anamwaga mahindi. Iiiiiii! Mkanda unalia. Moshi. Kinu kinasimama, motere inaendelea kunguruma bila haya. Nachota kilichotoka: si mahindi tena, si bunga bado. Mama anaangalia beseni. Ananiangalia miye. Anaangalia tena beseni.

“Papa, hii njo bunga, ao ni ya kuku?”

Mbele ya foleni nzima! Na foleni ya mji huu unaijua. Bila bukari mtu hapa hajala, hata umpe mbuzi mzima. Zambia ikifunga mahindi pale mpakani Kasumbalesa, tunakonda wote. Sasa mahindi yapo, yamelipiwa, yako ndani ya beseni. Anayewanyima watu bukari ni nani? Si Zambia. Ni miye.

Basi kila mtu kawa injinia. Mmoja anasema paka sabuni. Napaka. Kelele inanyamaza, nashukuru Mungu, kumbe mkanda unateleza vilevile, kimyakimya. Mwingine anasema mwaga Coca. Coca ya franka zangu, na kiu ninayo! Mkanda unashika kidogo, unaachia, nzi wanakuja kunywa. Mzee mmoja, zamani alikuwa mfanyakazi wa Gécamines na hajamaliza kutuambia, anapiga kelele: “Kaza! Kaza tena!” Nakaza mpaka mkono wa chuma umefika mwisho, hauna tena pa kwenda. Miye pia.

Ndipo kakasema kasichana ka shule, kadogo hivi, kametumwa na mama yake: “Papa, huu mukanda beliandika A 75. Ule wa zamani ku musumari, B 75.”

Nikacheka. “Mutoto, kati ya A na B, gani inatangulia?”

Foleni ikacheka. Nikadhani wanamcheka yeye.

Jirani, nihukumu wewe. A ndiyo ya kwanza, hata alfabeti inajua. Miye niliona shemeji alikuwa anatumia mkanda wa namba mbili, nikampandisha daraja! Na muuzaji sokoni aliniambia, 75 ni 75.

Mekanisie akaja. Hakushika kitu. Alichungulia puli, akasema, “Mutoto eko na haki,” akanyoosha mkono apewe malipo. Eti 75 ni urefu tu. Herufi ndiyo unene: A ina upana wa milimita 13, B ina 17. Mkanda wa namna hii, anasema, haufanyi kazi kwa tumbo, unafanya kwa mbavu. Unabanwa huku na huku na kuta za mfereji. Ukiwa mwembamba unazama mpaka chini, unakaa kwa tumbo, unateleza, unaungua, unang’aa. Kweli, chini ya mfereji palikuwa panang’aa. Nilikuwa nimepasifu asubuhi.

Nikapangusa sabuni na Coca yote kwa kitambaa, nimepiga magoti, bamama wakinionyesha pale nilipoacha. Halafu jamaa akaona puli ina mifereji miwili, akaniambia ninunue mikanda miwili. Ule wa pili, uliobaki toka zamani, si mzima? Eti umeshanyooka. Nikiweka mmoja mpya, huo ndio utabeba mzigo wote, kama mtoto mwenye kazi ndani ya nyumba ya wasio na kazi. Hapo nilimwelewa bila maswali.

Sasa masini inasaga. Sheria ya foleni imepita bila mimi kuulizwa: kale kasichana kanasaga bure. Faida ya juma imeliwa na mikanda, Coca na mekanisie, na nilikuwa bado natunga namna ya kumweleza mwenye mali. Kolwezi ni karibu kilomita 300, nikajua nina muda.

Simu ikalia jioni ileile. Shemeji.

“Allô,” anasema, anajikaza asicheke, “naongea na Papa A?”